Weka Drili Chini Kwanza

Wengi hudhani kuunda ndege ndogo ni kazi ya injini. Wageni wanaopita kwenye banda letu hapa Changamwe huuliza kwanza injini iko wapi, ina nguvu za farasi wangapi, inakunywa mafuta kiasi gani. Injini bado haijafunguliwa kwenye sanduku lake. Kinachokula siku zetu ni bati la alumini: kulipima, kulikata, kulikunja, kulitoboa, kulishona kwa ribiti, vile vipini vifupi vya alumini vinavyogongwa mpaka vibane mabati mawili. Na katika kazi yote hiyo, panapotaka akili zaidi ni pale jambo linapokwenda kombo.

Mimi nimetoka kwenye karakana ya ndege, upande wa mabati. Nilipostaafu alinifuata rafiki yangu, nahodha wa tagi aliyemaliza utumishi wake Kilindini akivuta meli kubwa kuzileta gatini. Alikuwa amenunua seti ya vipande vya ndege ya watu wawili kutoka Marekani, ya kujijengea mwenyewe kuanzia mkiani kuja mbele. Alikuwa na nafasi, alikuwa na vijana wa kumsaidia, na michoro aliielewa vizuri. Alichotaka kwangu alikisema waziwazi: "Nataka mtu wa kunikatalia." Tangu hapo kazi yangu kubwa ni kuitwa. Biti ikiteleza, bati likilia vibaya, mtu anaita "Fundi!" nami naenda kutazama.

Neno langu la kwanza huwa ni lile lile. Weka drili chini. Weka na nyundo chini, funga hewa ya kompresa, osha mikono, kunywa maji. Nimeona katika miaka yangu yote ya kazi kwamba kosa lenyewe mara nyingi ni dogo, na lingeweza kuachwa au kurekebishwa kwa dakika chache. Kinachoua kipande ni yale yanayofanywa katika dakika tano zinazofuata, mtu akiwa na aibu na hasira, anataka kulifuta kabla mwenzake hajaliona. Tundu lililokwenda kombo nusu milimita linatobolewa tena, linazidi kwenda kombo, linaongezwa upana, linafika ukingoni, na sasa ngozi nzima ya bawa, yaani bati lake la nje, haifai.

Vijana wanapoona nazidisha, huwaeleza habari ya ndege ya Japan Air Lines, safari nambari 123. Mwaka 1978 ndege hiyo, Boeing 747, iligonga mkia chini ilipokuwa ikitua Osaka. Ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani isitoke uliharibika, ukatengenezwa. Kwenye kiungo kimoja palitakiwa bamba moja zima la kuunganishia, lishikwe na mistari ya ribiti ya kutosha kubeba mzigo. Bamba hilo likawekwa likiwa limekatwa vipande viwili, kwa hiyo mzigo ukabebwa na mstari mmoja wa ribiti pale palipohitaji miwili. Kwa nje palionekana pamefungwa vizuri. Ndege ikaruka miaka saba. Tarehe 12 Agosti 1985, dakika chache baada ya kuondoka Tokyo, ukuta ule ulipasuka, mkia ukaharibika na mifumo ya kuiongoza ndege ikakatika. Ndani mlikuwa na watu 524, wakanusurika 4. Kugonga mkia hakukumuua mtu. Kiraka ndicho kilichoua.

Ndege yetu ni ndogo, haina hewa ya kushindiliwa ndani, na itabeba nahodha na abiria mmoja. Lakini alumini ni ile ile, na ribiti hubeba mzigo kwa namna ile ile. Ndiyo maana swali la kwanza linalopaswa kuulizwa mbele ya kosa ni kama kweli linahitaji kuguswa.

Chukua mfano wa ribiti iliyolala upande. Ribiti ngumu ina vichwa viwili, kimoja imetoka nacho kiwandani, kingine tunakiumba sisi kwa kugonga huku mwenzako ameshika chuma kizito upande wa pili. Kichwa tunachokiumba kina kipimo chake: upana wa mara moja na nusu ya kipenyo cha shina, na kimo cha nusu ya kipenyo. Kwa ribiti ya inchi 1/8, ambayo ni milimita 3.2, hiyo ni takriban milimita 4.8 kwa 1.6. Sasa kichwa kikitoka kimeinama kidogo, au kimegongwa zaidi kikawa bapa, macho yanaudhika. Mpwa wa nahodha, kijana aliyesomea ufundi wa vyuma chuoni na mwenye mkono mzuri kwelikweli, alikuwa haachi ribiti ya namna hiyo. Anaitoa, anaweka nyingine.

"Ami, hii imelala," ananiambia.

"Imelala, lakini imekamata. Pitisha kipimo."

Anapitisha. Upana unatosha, kimo kinatosha, mabati mawili yamebanana, hakuna ufa pembeni mwa kichwa. Basi iache. Ribiti yenye kasoro ndogo ndani ya tundu zima ina nguvu kuliko ribiti nzuri ndani ya tundu lililopanuka, na wabunifu wengi wa ndege hizi wanawaasa wajenzi wao hivyo hivyo. Kijana alichukua muda kulikubali hilo, na nilimwelewa. Mtu anayependa kazi yake hataki kuacha kitu kibaya nyuma yake. Mimi namtaka apende zaidi tundu, ambalo halionekani, kuliko kichwa kinachoonekana.

Siku moja kabla sijafika alikuwa ameshatoa ribiti kwenye ngozi ya mkia wa mlalo, na biti ikamtoka katikati. Tundu likawa nane: matundu mawili yaliyopandana. Mjomba wake alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, na kwa sifa yake hakumgombeza. Kijana alikuwa tayari ameshika biti kubwa zaidi mkononi. Nikamwomba aiweke mezani, tukachukua kalipa.

Tundu likiharibika hivyo, ribiti ya ukubwa unaofuata inaweza kuliokoa, kwa masharti. Tundu jipya ni lazima limeze nane yote, pasibaki hata kijipembe cha tundu la zamani. Toka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati kuwe angalau mara mbili ya kipenyo cha ribiti mpya, na ribiti ya kichwa kilichozama inataka zaidi, mara mbili na nusu. Na toka ribiti hadi ribiti, isipungue mara tatu. Ribiti yetu ilikuwa ya inchi 3/32, inayofuata ni 1/8 yenye kichwa cha mviringo, kwa hiyo tulihitaji milimita 6.4 hadi ukingoni. Tulikuwa na saba na ushei. Tukapanua kidogo kidogo, kwanza kwa tupa nyembamba ya duara ili kuirudisha katikati mahali pake, kisha kwa biti, mwisho kwa kijembe cha kulainisha tundu. Tukaondoa ukali pande zote mbili za bati, maana mkwaruzo mdogo ulioachwa mdomoni mwa tundu ndipo ufa unapozaliwa. Ribiti ikakaa. Kijana akaandika kwenye daftari: mahali, tarehe, kilichotokea, kilichofanywa, kipimo cha ukingo. Akapiga picha kabla na baada. Daftari hilo atalitaka mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, lakini hata kama asingelitaka, sisi wenyewe tunalihitaji, kwa sababu tukifika bawani hatutakumbuka tulichofanya mkiani.

Kutoa ribiti vizuri kunafundishika. Ribiti zetu nyingi zina kishimo kidogo katikati ya kichwa cha kiwandani, alama ya aina ya alumini yake, na kishimo hicho kinamsaidia mtoboaji kuanza katikati. Unazungusha biti kwa mkono kwanza ijikite, halafu drili polepole. Unatoboa kina cha kichwa tu. Hapo ndipo wengi wanapozidi, wanateremka na biti mpaka kwenye bati, na tundu linakwisha. Ukifika kina cha kichwa, ingiza pini ya chuma kwenye kitobo, iegemeze upande, kichwa kinakatika. Shina lililobaki linasukumwa kwa pini na nyundo nyepesi, nyuma kukiwa na kipande cha mbao chenye tundu kinachobeba bati lisibonyee. Shina likigoma, usiligombe. Toboa katikati yake kwa biti nyembamba mpaka lilegee. Fundi cherehani anayefumua mshono kwenye hariri anajua ninachosema: uzi ndio unaokatwa, kitambaa hakiguswi.

Na nahodha naye ana mazoea yake, ya melini. Chuma cha meli kikiliwa au kikipasuka, unaweka bamba juu, unachomelea pande zote, safari inaendelea. Kwa hiyo kila tulipopata tatizo neno lake lilikuwa moja: "Tuweke kiraka tu, fundi." Tulibishana sana juu ya kiraka, kwa heshima, mara nyingine mpaka adhana ya alasiri ikatukuta bado tumesimama.

Kiraka kwenye ndege kina mahali pake. Kiwe cha aina ile ile ya alumini, unene ule ule au unaofuata, kiwe na ribiti za kutosha kila upande wa jeraha, kona zake zizungushwe. Lakini kinaleta mambo mawili ambayo melini hayamsumbui mtu sana. La kwanza ni kwamba mahali palipoongezwa unene panakuwa pagumu, na mzigo unakusanyika pale ugumu unapoishia, kwenye mstari wa mwisho wa ribiti. La pili ni uzito, na zaidi ya uzito, mahali ulipo. Gramu chache mkiani, mbali na kitovu cha uzito, si sawa na gramu chache chini ya kiti cha rubani. Vibaya zaidi ni kwenye sehemu zinazocheza, kama usukani wa kupandisha na kushusha pua au vile vibao vya ncha za mabawa. Uzito ukiongezeka nyuma ya bawaba zake, sehemu hizo zinaweza kuanza kutetemeka zenyewe ndege ikienda kasi, na mtetemo huo unaweza kuzing'oa katika muda mfupi sana. Nilimwambia nahodha kwamba kwenye sehemu hizo, kiraka chochote ambacho hakimo kwenye michoro sitakitia mkono. Akanyamaza, akafikiri, akasema, "Haya. Kwa hiyo hapo tunatupa." Ndiyo, hapo tunatupa.

Kutupa ndiko kugumu zaidi, hasa kwetu. Aliyeko Marekani akiharibu ubavu mmoja wa bawa anaagiza, siku chache kimemfika. Sisi kipande kinasafiri, kinakaa forodhani, kinalipiwa. Umbali huo unamfanya mtu aone kipande kibovu kuwa kizima. Namwonea huruma mjenzi wa huku kwa jambo hilo, lakini bati halijui limetoka mbali.

Tumepata njia ya kati. Vipande vidogo visivyo vigumu tunavifyatua wenyewe kutoka kwenye bati tuliloagiza pamoja na cheti chake, tukifuata mchoro. Nasisitiza cheti kwa sababu alumini zinafanana. Bati la mafundi wetu wa masufuria linang'aa vile vile, linakatika kwa mkasi ule ule, lakini si aina moja na 2024-T3 iliyojengewa ngozi ya ndege yetu. Ile ina shaba ndani yake, ilipashwa moto kiwandani, ikapozwa ghafla, kisha ikaimarishwa ikiwa baridi. Nguvu yake yote imetokana na utaratibu huo. Ndiyo maana pia siruhusu moto karibu nayo. Kijana mmoja wa jirani, fundi mzuri wa bodi za magari, alikuja kututazama akashauri kunjo lililokataa kukaa lipashwe na gesi kidogo lilainike. Lingelainika kweli, na ugumu wake ungeondoka na usirudi.

Kwa habari ya kunjo sina mengi. Bati likunjwe kwenye mviringo wa kutosha, sio kwenye pembe kali, na ikiwezekana kunjo likate mkondo wa bati, yaani uelekeo lilikovutwa kiwandani, badala ya kulala nao. Likikunjwa mahali pasipo pake, usilinyooshe ukalikunja upya. Kila mpindo unalifanya gumu zaidi na kavu zaidi, na ufa unaweza kuwa umeshaingia kabla hujauona kwa jicho. Hicho nacho kinatupwa.

Jua la Mombasa nalo lina sehemu yake, na hili sikulisoma kwenye maelekezo ya seti. Alumini hutanuka kama sehemu 23 kwa kila milioni kwa kila digrii moja ya selsiasi. Ngozi ya bawa yenye urefu wa mita mbili ikiachwa mlangoni, jua likaipiga ikapata joto la digrii 20 zaidi ya fremu iliyo kivulini, imeshaongezeka karibu milimita moja. Matundu ya ribiti zetu ndogo yana milimita 2.5. Ukiitoboa wakati huo, ikipoa matundu hayaangaliani, na mtu anaanza kuyalazimisha kwa kuyapanua. Ukifaulu kuyalazimisha, utabaki na ngozi iliyovutwa upande mmoja na kulegea mwingine, inayoruka "pop" ukiibonyeza kwa kidole. Siku hizi mabati yanalala ndani, kando ya fremu yake, na kutoboa kunafanywa asubuhi kabla paa halijashika moto. Ngozi iliyokwisha kulegea tuliiponya kwa kuongeza kijiti cha pembe ya alumini upande wa ndani, mahali mbunifu alipokubali. Haikuhitaji zaidi.

Kisha chumvi. Banda letu haliko ufukweni, lakini hapa hakuna mahali palipo mbali na bahari, na kusi ikivuma unaonja chumvi mdomoni. Bati la ndege hupakwa kiwandani tabaka jembamba la alumini safi pande zote mbili, nalo ndilo linaloilinda ile ya ndani yenye shaba. Mkwaruzo unaokata tabaka hilo umefungua mlango. Mikwaruzo midogo tunaifuta kwa msasa laini wa namba 400 halafu 600, tukifuata urefu wa mkwaruzo mpaka ukucha hausikii kitu, kisha praima, rangi ya kwanza ya kukinga. Mkwaruzo mrefu uliokatiza mahali penye mzigo hauna msasa. Penseli zimepigwa marufuku bandani kabisa, kwa sababu risasi ya penseli ni grafiti, na grafiti juu ya alumini pamoja na unyevu huanzisha ulikaji. Tunachora kwa kalamu ya wino.

Anayeona hayo ni makuu, namwambia habari ya Aloha Airlines. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 iliyokuwa ikirukaruka kati ya visiwa vya Hawaii, katika hewa ya bahari kama yetu, ilipoteza sehemu kubwa ya paa lake angani. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa. Wachunguzi walikuta ulikaji kwenye maungio ya ngozi na nyufa zilizoanzia kwenye matundu ya ribiti. Nyufa nyingi ndogo, tundu hadi tundu, zikaungana. Naifikiria ndege hiyo kila ninapomwona mtu anaruka hatua ya kuondoa ukali kwenye tundu kwa kuwa "ni moja tu".

Kuna makosa yanayotisha macho tu. Bunduki ya ribiti ikiruka huacha alama ya mwezi mwandamo kwenye ngozi. Kijana akiipiga huwa anaugua siku nzima. Kama haikukata bati, inasuguliwa kwa chuma laini cha mviringo mpaka kingo zake zilale, kibonyeo kilichobaki kitazibwa wakati wa rangi. Haipunguzi chochote.

Linalotukabili sasa si la macho. Kwenye ngozi ya juu ya bawa la kushoto, karibu na shina la bawa linapoungana na mwili wa ndege, tundu moja limetobolewa milimita tano kutoka ukingoni pale ribiti ya 1/8 inapotakiwa kukaa. Nahodha alinipigia simu usiku, na nilifurahi kusikia kwamba alikuwa ameshafunga banda. Tumelipima mara kadhaa, tumelipiga picha na rula kando yake, tumechora mahali pa kila ribiti ya jirani, tukamwandikia mbunifu. Kwangu mimi hapo ni mahali pa mzigo mkubwa na sitaki kubahatisha. Mpaka jibu lije bawa hilo limefungwa kwenye stendi yake, tumeanza mbavu za bawa la kulia, na nahodha ameshauliza bei ya ngozi mpya pamoja na nauli ya meli.